Vichaka vya asili uani: tuliyojifunza kwa kupanda ukanda wa Pwani

Mwenye kiwanja anayetaka ndege na vipepeo karibu kila mara huanza na maua. Hupanda bogenvilia ukutani, tekoma ya njano langoni na duranta pembeni mwa njia, na baada ya miaka miwili ua unapendeza. Ndege chozi huja, hunyonya, huondoka. Hajengi kiota. Vipepeo hupita saa za jua, lakini hakuna hata mmoja anayetaga. Mimea yote mitatu asili yake ni bara la Amerika, na wadudu wengi wa hapa hawawezi kula majani yake.

Asali ya maua ni kinywaji cha ndege aliyekomaa. Kinda hulelewa kwa viwavi, panzi wadogo na buibui. Hata chozi, aliyeumbiwa mdomo wa kufikia ndani ya ua, makinda yake huyaletea wadudu. Shore, ambaye tumezoea kumwona kwenye mapapai, naye hufanya hivyo hivyo. Bila jani linaloliwa hakuna kiwavi, na bila kiwavi kiota hakina chakula. Kwa hiyo ukitembelea ua wa mtu ujue kama vichaka vyake vinafanya kazi, geuza majani utazame. Yakiwa na matundu, na kando yake yametafunwa, kazi inaendelea.

Tunaoishi kati ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Malindi tuna bahati kubwa. Misitu ya pwani ya Afrika Mashariki imo katika maeneo ya dunia yanayotambuliwa kwa wingi wa viumbe visivyopatikana kwingine. Mabaki yake, kama Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, au Arabuko-Sokoke kule Kilifi, yamebaki vipande vipande. Katikati ya vipande hivyo kuna viwanja vyetu. Ua mmoja wenye vichaka vya kienyeji hauwezi kuwa msitu, ila kipepeo na ndege mdogo wanaovuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine hupata mahali pa kutua, kula na hata kuzaa.

Tuanze na vichaka vya majani, kwa sababu ndivyo vinavyosahaulika. Vipepeo wengi hutaga kwenye mimea ya aina chache tu, na kiwavi akitoka yaini juu ya mmea usio wake hufa kwa njaa huku amezungukwa na majani mabichi. Mjafari ni mfano mzuri wa kuanzia. Ni mti mdogo wenye miiba na majani yanayonukia ndimu ukiyasugua, na ni wa ukoo mmoja na michungwa. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano hafifu, anayeitwa kitaalamu Papilio demodocus, hutaga hapo yai moja moja. Kiwavi mchanga anafanana na kinyesi cha ndege, kahawia na mweupe, na hivyo ndivyo anavyojificha. Akikua hugeuka kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Wengi wamewaona hawa kwenye mndimu wao na kuwaua. Tafadhali waache. Mjafari wenye urefu wa mita moja unaweza kumalizwa majani na viwavi wachache wakati wa mvua, lakini ukiwa umeshaotesha mizizi kwa mwaka mzima utachipua upya. Mche ulio katika mwaka wake wa kwanza haufai kuachiwa mzigo huo. Wachukue viwavi pamoja na jani walilokaa, uwahamishie kwenye mndimu au mchungwa mkubwa. Wataendelea kula, kwa kuwa wao hukubali yote mawili.

Mtopetope mwitu, yaani Annona senegalensis, hulea vipepeo weupe wenye mabaka meusi wa jamii ya Graphium. Vichaka vya jamii ya Maerua na Capparis, vinavyoota vyenyewe kwenye makorongo na kingo za mashamba makavu, hulea vipepeo wadogo weupe ambao ncha za mbawa zao ni za chungwa, nyekundu au zambarau. Senna petersiana, yenye maua ya njano na makunde marefu, hulea Catopsilia florella, yule kipepeo mweupe mwenye kijani hafifu ambaye majike yake mengine huwa ya njano, na ambaye hupita kwa makundi misimu fulani. Wakulima wa Mradi wa Kipepeo pale Gede, ulioanza mwaka 1993, huzalisha mabuu ya kuuza nje kwa kutegemea mimea ya kulisha viwavi kutoka msitu wa Arabuko-Sokoke. Kwao mmea wa kulisha kiwavi ni kitega uchumi.

Panda angalau mitatu ya kila aina ya hii, na isikae mahali pamoja. Mmoja ukimalizwa majani, mingine huendelea kulisha kizazi kinachofuata. Halafu usipulize dawa ya wadudu popote katika ua, hata kwenye mchicha ulio mita chache pembeni, maana upepo wa kusi hauheshimu mipaka ya tuta. Miche ya kununua pia huwa imepuliziwa dawa kitaluni. Ioshe majani, kisha ikae miezi miwili au mitatu kabla hujatarajia viwavi juu yake.

Kwenye vichaka vya matunda, wa kwanza kwetu ni mkwamba, Flueggea virosa. Huota popote: kwenye mchanga, kwenye mfinyanzi, juu ya mwamba wa matumbawe. Hufika mita mbili hadi tatu, matawi yake huinama, na matunda yake meupe madogo hufagiliwa na shore mara yanapoiva. Kuna jambo moja ambalo huwakatisha watu tamaa bila sababu. Mkwamba una mimea dume na mimea jike mbalimbali. Anayepanda mmoja ana uwezekano mkubwa wa kukaa miaka bila kuona tunda, akadhani ardhi ni mbaya. Panda mitano au sita. Itakapotoa maua, mengi kwa mashada na yenye stameni (vijiti vya chavua) zilizochomoza ni ya dume. Yale yenye kitufe kidogo cha kijani katikati ni ya jike. Hapo ndipo utapunguza, ukibakiza dume mmoja kwa majike matatu au manne. Mdaa, yaani Euclea, nao uko vivyo hivyo, na kwa kuwa hukua polepole sana, kosa la kupanda mmoja hugharimu muda mrefu zaidi.

Mkole ni kundi la aina nyingi za Grewia, na karibu kila kijiji cha Pwani kina wake. Maua ni ya njano au meupe, na matunda yana vidonge viwili hadi vinne vilivyoshikana. Nyuki huja kwenye maua, pasa na shore kwenye matunda, na watoto nao hawabaki nyuma. Mviru hutoa matunda makubwa zaidi ambayo hata binadamu huyala kwa raha. Ochna hupendeza kuliko vyote wakati tunda lake jeusi linakaa juu ya kikombe chekundu, na ni kichaka kinachokubali kivuli cha mwembe, jambo ambalo si vingi vinaliweza.

Mtandamboo unastahili kuzungumziwa peke yake. Ni Carissa spinarum: kichaka cha miiba mirefu, majani ya kijani yanayong'aa, utomvu mweupe, maua meupe yenye harufu tamu hasa jioni, na matunda yanayotoka kijani hadi nyekundu hadi zambarau iliyokolea. Matunda ni chakula cha ndege na cha watu. Lakini thamani yake kubwa katika miji yetu ni miiba. Kunguru wa Zanzibar, yule mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Unguja miaka ya 1890, na tangu hapo amesambaa katika miji ya pwani. Huyu hula mayai na makinda ya ndege wadogo bila kuchoka. Kupanda matunda na maua bila kuwapa ndege mahali ambapo kunguru hawezi kuingia ni kuwaita wazae na kupoteza. Kunguru ni mkubwa na anahitaji nafasi ya kutua. Kichaka cha mtandamboo kilichofungamana kuanzia chini, kikiwa na unene wa mita moja na nusu au zaidi, humzuia yeye na humzuia paka.

Ili kifungamane hivyo, lazima ukikate mapema, na wengi wanaona huruma. Mche ukifika sentimita 40, kata ncha. Matawi ya pembeni yakifika sentimita 30, yakate ncha pia. Ukiuacha ukimbie juu utapata mti mwembamba wenye miiba juu na uwazi chini, na uwazi huo ndio njia ya paka. Kwa uzio wa kuzuia, panda safu mbili kwa mpangilio wa kupishana, sentimita 70 kati ya mche na mche na sentimita 60 kati ya safu. Tarajia miaka mitatu hadi minne kabla uzio haujafunga. Anayetaka wa haraka achanganye na mkwamba, ambao hujaza nafasi wakati mtandamboo unakua.

Kuhusu lantana, Lantana camara, ile ya maua ya rangi mchanganyiko, kuna ubishi kila mahali. Ni kweli kwamba vipepeo hunyonya maua yake. Ni kweli pia kwamba ndege hula matunda yake, na hapo ndipo madhara yanapoanzia: hubeba mbegu hadi pembezoni mwa misitu, inaota, inafunika miche ya kienyeji, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Msimamo wetu ni kuiondoa. Usiing'oe yote kwa siku moja, maana huenda ndicho kichaka pekee ambacho ndege wa ua wako wanacho. Ondoa theluthi moja kila mwaka, na panda mkwamba na mkole katika nafasi iliyoachwa. Kukata kwa panga hakusaidii, itachipua kwa nguvu zaidi. Ng'oa kisiki pamoja na fundo la mizizi kwa sururu baada ya mvua, udongo ukiwa laini, na matunda mabichi yasiachwe chini.

Chozi nao wanahitaji maua, na ya kienyeji yapo. Combretum paniculatum hupanda juu ya miti mingine na kuwaka nyekundu. Leonotis nepetifolia, yenye mipira ya maua ya chungwa kwenye shina refu, huota kwa mbegu na kufika mita mbili katika msimu mmoja. Mishubiri hujaza nafasi za jua kali. Ila idadi ina maana kubwa. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 1975 ulionyesha kuwa chozi wa mbawa za dhahabu, ndege wa nyanda za juu, hulinda eneo lenye maua ya Leonotis kama 1,600 ili kujitosheleza. Chozi wetu wa Pwani ni wa aina nyingine, lakini funzo linabaki: shina moja hapa na jingine kule halimfungi ndege. Panda kundi la mashina 20 au 30 mahali pamoja.

Sasa mbegu. Vitalu vingi vya barabarani vina ashoki, misonobari na maua ya nje, na hata mawakala wa serikali, yaani TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) upande wa Tanzania na KEFRI (taasisi ya utafiti wa misitu) pale Muguga, Kenya, kwa sehemu kubwa hushughulika na mbegu za miti ya mbao na kivuli. Vichaka utakusanya mwenyewe. Kingo za barabara za vumbi, mashamba yaliyopumzishwa na viwanja visivyojengwa vina mkwamba, mkole na mtandamboo wa kutosha. Omba ruhusa kwa mwenye eneo. Usiingie hifadhi ya msitu kuchuma bila kibali, na katika makaya ya Wamijikenda, yaani misitu yao ya jadi, usichukue hata kijiti, maana ni mahali patakatifu penye wazee wanaopalinda. Kutoka kila mmea chukua sehemu ndogo tu ya matunda, moja kwa tano hivi, na changanya kutoka mimea mingi, angalau kumi. Miche yote ikitoka kwa mama mmoja hudhoofika kwa ugonjwa mmoja. Kung'oa miche mikubwa porini hakufai. Mzizi mkuu hukatika, na mingi hunyauka ndani ya wiki mbili.

Chuma matunda yaliyoiva kabisa. Yaponde ndani ya ndoo ya maji, sugua nyama itoke, kisha acha yatulie. Mbegu zinazoelea tupa, zilizozama ndizo zenye kiini. Anika kivulini siku moja au mbili, usianike juani. Mtandamboo na ochna hazivumilii kuhifadhiwa; panda wiki hiyo hiyo. Mkole una gamba gumu, hivyo loweka saa 24 na ubadilishe maji mara moja. Hata hivyo utaota kwa kupishana, wengine wiki ya nne na wengine baada ya miezi kadhaa. Usimwage udongo wa kiriba (mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche) kwa haraka. Senna unataka maji ya moto: chemsha, epua, subiri dakika chache, mimina juu ya mbegu na uache hadi kesho yake. Zilizovimba panda, zisizovimba rudia. Mjafari ni mgumu kuliko yote, huota wachache na kwa kuchelewa, kwa hiyo panda mbegu nyingi kuliko unavyohitaji.

Udongo wa viriba kwa mchanga wetu wa Pwani uwe debe mbili za udongo wa juu, debe moja ya samadi iliyooza kabisa, na nusu debe ya mboji au majani yaliyooza ili ushike maji. Kwa mfinyanzi, badilisha hiyo nusu debe kwa debe moja ya mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni usiguse, una chumvi. Kiriba cha inchi nne kwa sita kinatosha. Toboa matundu chini. Funika mbegu kwa udongo wenye unene mara mbili ya mbegu yenyewe. Wanaozika mbegu ndogo ya mkwamba kwa kina cha kidole hawaioni tena. Makuti yaliyoinuliwa kiasi cha mita moja hutoa kivuli kizuri. Mwagilia asubuhi na jioni hadi zinapoota, kisha mara moja kwa siku. Kila baada ya wiki mbili au tatu inua viriba na uvisogeze, ili mizizi isipenye kwenye ardhi ya kitalu. Mwezi wa mwisho punguza makuti na maji taratibu. Mche uliolelewa kivulini hadi siku ya kupandwa huungua majani ndani ya siku tatu.

Miche mingi huhitaji miezi mitano au sita kitaluni, hivyo mbegu iliyoingia udongoni Septemba au Oktoba huwa tayari kwa masika. Kupanda kwa vuli kunawezekana, lakini baada yake huja Januari na Februari, na kaskazi kavu huua miche isiyomwagiliwa. Usipande kwa mvua ya kwanza pia. Subiri mvua ziwe zimekolea na udongo umelowa kina cha mkono hadi kiwiko. Mvua ya kwanza ya Machi hudanganya. Inaweza kufuatwa na wiki mbili za jua.

Shimo liwe sentimita 45 kila upande. Tenga udongo wa juu na wa chini. Changanya wa juu na nusu debe ya samadi iliyooza, urudishe huo kwanza. Penye mwamba wa matumbawe utahitaji mtaimbo, na shimo liwe pana zaidi, sentimita 60, hata kama kina hakifiki hapo, maana mizizi itatafuta nyufa pembeni. Chana kiriba na ukitoe chote. Tumeona miche mingi iliyodumaa miaka miwili, na ilipofukuliwa mizizi ilikuwa bado imejizungusha ndani ya plastiki. Mizizi iliyojikunja chini ikate kwa kisu kikali. Udongo wa shina ubaki usawa ule ule wa kitaluni. Kwa kichaka cha mchanganyiko acha mita moja hadi moja na nusu kati ya mche na mche, mirefu katikati na mifupi pembeni.

Matandazo yawe na unene wa sentimita tano hadi nane, na yakae mbali na shina kwa upana wa kiganja. Yakigusa shina, mchwa hupanda. Mchwa hufuata samadi mbichi, matandazo makavu yaliyosongamana na mche wenye kiu. Majivu husaidia kwa siku chache, mvua ikinyesha yameisha. Dawa ya kweli ni kumwagilia vya kutosha na kutojeruhi gome kwa jembe wakati wa kupalilia. Kiangazi cha kwanza kila mche upate lita tano mara mbili kwa wiki, zimiminwe taratibu. Kikombe cha maji kila siku hufundisha mizizi kubaki juu. Mwaka wa pili mara moja kwa wiki inatosha, na mwaka wa tatu mingi haihitaji tena. Walio karibu na bahari wapande kwanza mkwamba na mkole upande wa kusi, ndani yake ndipo waweke ochna na mjafari, maana upepo wa chumvi wa Juni na Julai huchoma majani machanga.

Katika vijiji na pembezoni mwa miji, mbuzi huua miche zaidi ya jua. Zungushia matawi ya miiba yaliyokatwa, yafungwe kwa kamba ya mkonge, kwa mwaka na nusu wa kwanza. Uzio wa kamba peke yake mbuzi hauoni.

Yaliyo magumu kuliko yote hayahusu udongo. Sisi tumelelewa kwamba ua safi ni ua uliofagiliwa hadi ardhi ikabaki tupu, na majani yakachomwa alasiri. Chini ya majani hayo makavu ndimo wanamokaa mabuu, mende wa udongo, minyoo na mayai ya wadudu ambao ndege aitwaye tiva huwachokonoa asubuhi. Hakuna haja ya kugombana na mama mwenye nyumba. Fagia uwanja wa mbele na njia zote, kisha majani yasukume chini ya vichaka badala ya kuyachoma. Weka mpaka unaoonekana, mstari wa mawe ya matumbawe au mafuu ya nazi, ili jirani na balozi wa nyumba kumi waone kwamba kichaka kimekusudiwa na kinatunzwa.

Hofu ya nyoka ni ya haki na isidharauliwe. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata pumba, mabaki ya chakula na marundo ya matofali. Weka kichaka mita nne au tano kutoka ukuta wa nyumba na mbali na banda la kuku. Usirundike vifusi ndani yake. Pande zinazopakana na njia, inua matawi ya chini kiasi cha sentimita 30 ili uone ardhi, na upande wa ndani uache umefunga. Ukiingia kupogoa vaa viatu virefu na ugonge kwa fimbo kwanza. Mbu hawazalishwi na majani, huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Kagua makopo, vifuu na makunjo ya plastiki yaliyofichwa chini ya vichaka. Beseni la ndege nalo libadilishwe maji kila baada ya siku mbili. Liwe na kina cha sentimita tatu hadi tano, mawe machache ya kusimamia, na likae mahali pa wazi mita mbili kutoka kichaka, ili paka asiruke kutoka mafichoni.

Kupogoa ni mwishoni mwa kipupwe, Agosti hadi mwanzo wa Septemba, baada ya makinda ya masika kuruka na kabla ya vuli kuchipua majani. Tazama kila kichaka kwa viota kwanza. Kata theluthi moja tu kwa mwaka, ukianza na matawi ya zamani. Kukata vyote kwa pamoja huwanyima ndege maficho miezi mitatu.

Wa nyanda za juu, Arusha, Moshi au Nairobi, watabadilisha orodha. Mtugutu huota kwa kipande cha tawi chenye urefu wa sentimita 40 kilichochomekwa nusu ardhini, na maua yake meupe hujaa nyuki. Senna didymobotrya, ambayo mkaa wake Wakalenjin huutumia kwenye vibuyu vya mursik (maziwa yao ya mgando), hulea yule yule Catopsilia. Ipandwe mbali na mifugo na watoto wadogo, ina sumu. Kwenye sehemu kavu za Bonde la Ufa, leleshwa husimama pale ambapo vingine hukauka.

Mwaka wa tatu ndio wa kupunguza na kujaza. Ng'oa madume ya ziada ya mkwamba, na tazama ni mwezi gani ua haukuwa na tunda wala ua lolote. Kwa viwanja vingi vya Pwani pengo huwa Januari na Februari. Msimu huo tembea vichochoro na kingo za mashamba ya karibu nawe, uone ni kichaka gani kimeiva au kimechanua bila kumwagiliwa na mtu. Mbegu zake ndizo za kukusanya kwanza.